Kijana wa kamera auze karafuu, asiuze mkarafuu

Kila msimu mkubwa wa karafuu unapomalizika kisiwani Pemba, fedha huingia katika nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Baada ya mkulima kupokea malipo yake kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC), orodha ya mahitaji huwa imeshaandikwa zamani: bati za nyumba, ada ya chuo, mahari ya mtoto wa kiume, deni la dukani lililokaa tangu kiangazi. Katika miaka ya karibuni limeongezeka ombi jengine ambalo wazee wengi hawakulitarajia. Kijana anamwambia baba yake kwamba hataki bodaboda wala mtaji wa duka la nguo. Anataka kamera, awe mtayarishaji wa filamu wa kujitegemea.

Majibu yanayotolewa huwa ni ya aina mbili, na yote mawili yana kasoro. Wapo wazee wanaokataa papo hapo kwa hoja kwamba filamu ni upuuzi na si kazi ya mtu mwenye akili timamu. Wapo pia wanaokubali kwa mapenzi tu, wakatoa fedha zote mkononi bila hesabu, na baada ya miaka miwili kamera imelala kabatini ikiwa na ukungu kwenye lenzi na kijana amevuka bahari kwenda kutafuta kibarua Unguja au Dar es Salaam. Suala hili si la mapenzi wala la hasira. Ni suala la mtaji, na linastahili hesabu ile ile ambayo mvuvi huifanya kabla ya kununua mashine ya boti.

Ni vyema kwanza kukiri kwamba mazingira yamebadilika. Hadi mwaka 2010 umeme wa Pemba ulitegemea majenereta ya dizeli, na mtu aliyetaka kuhariri picha kwa kompyuta alikuwa akicheza kamari na mkatiko wa umeme. Mwaka huo waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga uliiunganisha Pemba na gridi ya Taifa. Tangu hapo fundi wa kuchomelea, muuza barafu na mhariri wa video wote walipata nafasi ya kufanya kazi yao mchana na usiku. Simu za mkononi nazo zimefikia kiwango cha kupiga picha ambazo miaka 15 iliyopita zilihitaji kamera ya bei kubwa.

Zanzibar yenyewe si ngeni katika mambo ya picha. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikiwa ya rangi, wakati Tanzania Bara haikuwa na televisheni kabisa. Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar (ZIFF) lilianza kufanyika mwaka 1998, na mbali ya maonesho ya Ngome Kongwe limewahi kupeleka filamu hadi vijijini, Pemba ikiwemo. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba filamu ni jambo la kigeni hapa visiwani anakosea. La kujiuliza ni nani atakayelipa, kiasi gani, na mara ngapi kwa mwaka.

Mlipaji wa kwanza ni harusi, na hapa ndipo vijana wengi wanapoanzia na ndipo wengi wanapokwama. Harusi ni soko la uhakika lakini lina msimu kama lilivyo zao lolote. Mwezi wa Ramadhani hakuna harusi. Mfungo Mosi zinafumuka, na kabla ya Ramadhani kufika, katika Rajabu na Shaabani, zinarudi tena kwa wingi. Msimu mzuri wa karafuu nao huongeza harusi kwa sababu fedha ipo, na mwaka ambao mkarafuu haukuzaa, sherehe hupunguzwa na anayepunguzwa wa mwanzo ni mpiga picha. Maana yake ni kwamba kijana aliyepewa kamera kwa fedha ya karafuu na akategemea harusi peke yake bado anategemea karafuu ile ile. Familia inadhani imegawanya hatari, kumbe imeweka mayai mengine kwenye kapu lile lile.

Jambo jengine la harusi za Pemba linahusu mabinti. Sehemu kubwa ya shughuli ni ya wanawake peke yao, na mpiga picha mwanamume hana ruhusa ya kuingia huko wala haifai aingie. Familia nyingi zingependa kumbukumbu ya shughuli hizo lakini hazina wa kumwamini. Binti aliyejifunza kupiga picha na kuhariri mwenyewe, bila kulipeleka faili kwa kaka wa dukani, ana soko ambalo washindani wake ni wachache sana. Kabla mzee hajaamua ni mtoto gani wa kumpa mtaji, na aliangalie hilo. Mara nyingi ombi la kamera hutoka kwa mtoto wa kiume, na dada yake ambaye angeitumia kwa faida zaidi hakuulizwa.

Bidhaa inayouzwa katika soko hilo ni amana, picha huja baada yake. Video ya bibi harusi ikionekana katika simu ya mtu asiyehusika, biashara imekufa kijiji kizima na pengine wilaya nzima. Kwa sababu hiyo makubaliano ya maandishi ni lazima hata kwa shughuli ya jirani: nani atakabidhiwa nakala, ngapi, lini faili zitafutwa kwenye kompyuta, na kwamba hakuna kipande kitakachowekwa mtandaoni kama tangazo bila ruhusa. Karatasi moja yenye saini mbili inatosha. Arubuni ya nusu ilipwe siku ya kuandikishana, na salio kabla ya kukabidhi kazi. Anayeona haya kudai arubuni kwa ami yake ajue kwamba ndugu ndio wadaiwa wakubwa wa wapiga picha.

Sasa hesabu. Chukua mfano wa kijana anayeanza na kamera, lenzi moja, betri mbili, memori kadi, maikrofoni, stendi, taa na diski ya kuhifadhia, vyote kwa sh. 3,900,000, pamoja na kompyuta iliyotumika ya sh. 1,500,000. Jumla ni sh. 5,400,000. Kwa bei ya sh. 15,000 kwa kilo ambayo Serikali iliitangaza mwaka 2011 kwa karafuu ya daraja la kwanza, hizo ni kilo 360 za karafuu kavu, yaani zaidi ya tani moja ya karafuu mbichi iliyochumwa, ikachambuliwa makonyo na kuanikwa. Mkulima ayaone yale majamvi kichwani kabla ya kufungua mkoba.

Vifaa hivyo vikidumu miaka mitatu, uchakavu wake ni sh. 1,800,000 kwa mwaka. Tuseme kijana amepata harusi 20 kwa mwaka, kila moja sh. 250,000. Zimeingia sh. 5,000,000. Kwa kila harusi ametumia sh. 90,000 za usafiri, msaidizi, chakula, umeme na flashi za kukabidhia, jumla sh. 1,800,000. Zimebaki sh. 3,200,000. Ukiondoa uchakavu, faida halisi ni sh. 1,400,000, chini kidogo ya sh. 117,000 kwa mwezi. Tarakimu za kila mtu zitatofautiana, lakini wengi huusahau ule mstari wa uchakavu. Kijana huziona zile sh. 3,200,000 akadhani zote ni zake, akala, na kamera inapokufa mwaka wa tatu anarudi tena kwa baba kusubiri msimu.

Hesabu hiyo inaonesha mambo mawili. Kwanza, fedha yote ya msimu isizikwe kwenye vifaa. Anayeanza anaweza kutumia simu nzuri na kununua maikrofoni tu, kwa sababu mtazamaji husamehe picha hafifu lakini hasamehi sauti iliyomezwa na upepo wa pwani, halafu akafanya kazi ya usaidizi kwa mpiga picha mzoefu kwa msimu mmoja na kuazima kamera kwa malipo pale anapopata kazi kubwa. Pili, harusi ni kama mihogo. Inamlisha mtu lakini haimtajirishi, na lazima pawepo na zao la pili.

Zao hilo lipo, na wakulima wenyewe ndio wenye nalo. Nchini India taasisi ya Digital Green, iliyotokana na mradi wa utafiti wa miaka ya 2000, ilionesha kwamba mkulima hujifunza vizuri zaidi akimuona mkulima mwenziwe, wa lugha yake na wa udongo kama wake, akifanya kazi kwenye video fupi iliyopigwa kijijini. Kenya nayo imekuwa na kipindi cha Shamba Shape Up tangu mwaka 2012, ambacho huingia katika shamba la mtu na kulitengeneza mbele ya kamera. Pemba ina mada tele za namna hiyo: namna ya kuotesha na kutunza miche ya mikarafuu, uanikaji juu ya majamvi badala ya sakafu au lami, uchambuaji wa makonyo, ufungaji wa mwani, utengenezaji wa sabuni na bidhaa nyengine za mwani ambazo akina mama wanaziuza. Bwana shamba mmoja hawezi kufika kila shehia kwa wakati. Video ya dakika nane inafika kwa simu.

Taasisi zinazohitaji kazi hizo zipo: wizara inayohusika na kilimo, ZSTC yenyewe, jumuiya za hifadhi ya misitu na bahari, miradi ya wafadhili na hoteli. Tatizo ni kwamba mara nyingi kazi ya aina hii hutangazwa ikiwa zabuni moja kubwa, kwa masharti ambayo kampuni ya Dar es Salaam au Nairobi pekee ndiyo inayoweza kuyatimiza. Wapigaji picha wanakuja na ndege, wanalala siku tatu, wanaondoka, na kijana wa Micheweni aliyewabebea stendi analipwa posho ya chakula cha mchana. Kama wakuu wa taasisi hizo wanataka ajira kwa vijana kama wanavyosema majukwaani, waikate kazi hiyo vipande vidogo, video moja moja, na waruhusu mtu binafsi mwenye leseni ya biashara na namba ya mlipakodi aombe. Gharama yake itakuwa ndogo na msemaji kwenye video atazungumza Kipemba kinachofahamika.

Baada ya mazao hayo mawili ndipo inapokuja filamu yenyewe, ile ya hadithi, ambayo kwa kweli ndiyo iliyomtia kijana hamu tangu mwanzo. Asikatishwe tamaa. Mjini Kampala, katika mtaa wa Wakaliga, Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali, alianza kutengeneza filamu za mapigano pamoja na majirani zake, na filamu yake Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilijulikana duniani ingawa bajeti yake ilikuwa ndogo kuliko mahari ya kawaida. Kundi hilo lilikuwa likiuza DVD zake nyumba kwa nyumba kabla ya wachuuzi wa nakala haramu hawajaamka. Hapa nyumbani, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na yenye maudhui ya Zanzibar, ilioneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kushindania Oscar. Riwaya haiwezi kugeuzwa filamu bila ruhusa ya mwenye haki, na hapo ndipo penye kiini cha biashara hii.

Mkulima wa Pemba anaelewa vizuri tofauti ya mambo matatu: kuuza karafuu, kukodisha mikarafuu kabla ya mavuno, na kuuza mkarafuu wenyewe. Anayeuza karafuu anapata bei ya siku. Anayekodisha kwa sababu ya shida anapata fedha mapema lakini faida kubwa inakwenda kwa mwenye subira na mtaji. Anayeuza mti amemaliza. Wajukuu watapita chini yake wakiambiwa huu ulikuwa wa babu yenu. Filamu nayo ina mambo matatu hayo hayo. Mtayarishaji anaweza kutoa ruhusa ya kuonesha kazi yake kwa muda na mahali maalumu, anaweza kuchukua malipo ya mbele akagawana mapato, au anaweza kuuza haki zote moja kwa moja.

Sekta ya filamu ya Dar es Salaam ilijifunza somo hili kwa machungu. Baada ya wimbi lililoanza na filamu ya Girlfriend mwaka 2003, watayarishaji wengi walikuwa wakipeleka kazi iliyokamilika kwa wasambazaji wa Kariakoo na kuuza “masta” pamoja na haki zote kwa malipo ya mara moja. Fedha ilikuwa tamu kwa sababu ilikuwa taslimu, na kwa kuwa nakala haramu zilikuwa zimejaa mitaani wengi waliona bora nusu shari. Zilipokuja chaneli za televisheni za kulipia zinazotafuta filamu za Kiswahili, na baadaye mitandao, filamu zile zile zilikuwa na soko jipya, lakini aliyeziandika na kuzicheza hakuwa na cha kuuza tena.

Kwa hiyo kijana anaposaini mkataba wowote, wa televisheni, wa jumuiya au wa hoteli, aangalie maneno manne: haki gani, wapi, kwa muda gani, na nani anabaki na faili halisi. Hoteli ikitaka tangazo la mwaka mmoja, ilipe la mwaka mmoja. Picha za popo wa Ngezi, kisiwa cha Misali au mchezo wa ng'ombe alizozipiga kwa kazi moja zinaweza kuuzwa tena kwa mtu mwengine ikiwa mkataba wa kwanza haukuzichukua zote. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake ya hakimiliki (COSOZA), tofauti na ile ya Tanzania Bara. Kazi isajiliwe huko kabla haijapelekwa kwa mnunuzi.

Ruhusa nazo zifuatwe mapema. Filamu na maonesho hapa visiwani yapo chini ya Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni (BASSFU), na kurusha droni ni suala la mamlaka ya usafiri wa anga, si la sheha. Hata hivyo sheha asirukwe. Kamera iliyoingia shehiani bila salamu hutoka bila picha. Lililo juu ya Serikali ni kuhakikisha kwamba ombi lote linaweza kukamilishwa Chake Chake, kwa sababu nauli ya meli ya kufuata muhuri Unguja mara mbili inaweza kula faida ya kazi nzima.

Linabaki suala la mtaji utolewe vipi. Zawadi ni njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa haina tarehe wala hesabu. Mkopo wa riba familia nyingi za Pemba hazitaki, na zina haki. Lakini wazee wanaijua mudharaba tangu enzi za majahazi: mmoja anatoa mtaji, mwengine anatoa kazi, faida inagawiwa kwa sehemu walizokubaliana, na hasara isiyotokana na uzembe inabebwa na mtaji. Baba na mwanawe wakiandikiana hivyo mbele ya mashahidi wawili, kijana akawa na daftari la mapato na matumizi, na fedha ya uchakavu ikawekwa kando kila baada ya kazi, kamera inageuka kuwa mali ya shirika. Huduma za benki za Kiislamu, zikiwemo za PBZ, nazo zinaweza kununua kifaa na kumuuzia mteja kwa awamu. Vyama vya kuweka na kukopa vinapaswa kuacha kukataa kamera kama dhamana huku vikikubali friji.

Kwa familia ambazo kamera imeshanunuliwa na ipo kabatini, kazi ya wiki hii ni ndogo. Itolewe, ifutwe, iwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana pamoja na kikopo cha mchele mkavu au vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja na viatu, maana unyevu wa masika unaoharibu karafuu jamvini ndio huo huo unaootesha ukungu kwenye lenzi. Kisha picha zote zilizokwishapigwa ziorodheshwe, tarehe na mahali, na zinakiliwe kwenye diski mbili. Diski moja ibaki nyumbani kwa kijana, ya pili ikae kwa shangazi.